Mchezo wa mezani wa dola 50 utakugharimu ngapi ukifika Nairobi?

Usianze na bei ya dukani Marekani. Anza na bei ya mchezo, usafiri na bima kwa pamoja, maana mzigo ukija kwa meli, ushuru hupigwa kwa jumla hiyo. Tuseme boksi ni dola 50, kulileta na bima dola 30. Dola ikiwa shilingi 130, hapo ni 10,400.

Ushuru wa forodha tuuweke 25%: 2,600. Ada ya tamko la uagizaji 2.5%: 260. Tozo ya reli 2%: 208. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru wa forodha, yaani 13,000, nayo ni 2,080. Jumla 15,548, kabla ya malipo ya wakala wa forodha. Wengi hukosea hapo kwenye VAT.

Boksi hilo hilo dola ikiwa 160, kama ilivyokuwa mapema 2024, lingefika 19,136. Piga hesabu kwa kiwango cha kadi yako, si cha Benki Kuu. Kadi huwa ghali kidogo.

Na ushuru wa Trump? Aprili 2025 ulifika 145% kwa bidhaa za China, ambako michezo mingi huchapwa. Lakini hulipwa na mwagizaji kwenye bandari ya Marekani. Mzigo ukitoka China moja kwa moja hadi Mombasa au uwanja wa ndege wa JKIA, haukuhusu. Ukinunua nakala iliyokwisha kuingia Marekani, huenda umeulipia ndani ya bei, kisha ulipie na wa hapa.