Somo: Kuchagua ekzosi ya Altezza (na spoti nyingine za zamani) kwa sisi wa Kigoma

Wakuu, salaam. Kila wiki napata ujumbe ule ule: "Ekzosi ya Altezza yangu imeoza, nifunge ipi?" Nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote hapa. Ukiniuliza tena nitakurudisha huku.

Gari ninayoisemea ni Altezza yenye injini ya 1G-FE, silinda sita, lita 2. Mwenye RS200, ile ya 3S-GE silinda nne, somo linakuhusu pia. Toyota walianza kuiuza mwaka 1998 wakaacha 2005, hivyo hata ile ya mwisho kabisa ina umri wa kijana aliyemaliza sekondari.

Hatua ya 1: Hakikisha imetoboka kweli. Asubuhi injini ikiwa baridi, mwenzako awashe gari, wewe ziba mdomo wa bomba kwa tambara nene kwa sekunde chache. Palipotoboka patapiga "sss". Kwenye maungio, tafuta alama nyeusi ya masizi. Fanya nje, si ndani ya gereji iliyofungwa: ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua.

Hatua ya 2: Jua kipande gani kimekufa. Ekzosi ni manifoldi (inayokusanya moshi pale kwenye injini), masega (kile kichujio kinachosafisha moshi), bomba la kati na sailensa ya nyuma. Mara nyingi ya nyuma ndiyo hufa kwanza, na huoza kutokea ndani. Petroli ikiungua hutoa mvuke, na ukizunguka mtaa wa Mwanga na sokoni tu, sailensa haipati moto wa kukausha yale maji. Igonge kwa ngumi: ikilia kama kopo lenye mawe, vizuizi vya ndani vimeachia. Ichokonoe kwa bisibisi kwenye mishono. Ikizama, hapo hakuna cha kuchomelea kiraka.

Hatua ya 3: Pima unene wa bomba. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu. Ekzosi yangu ilipokufa nilitaka mlio. Fundi akanionyesha bomba la inchi 3, nikakubali, tukafunga kutoka nyuma ya masega hadi mwisho. Gari ikiwa imesimama lilinguruma vizuri, watu wakageuka. Siku ya pili nikapakia watu wanne stesheni, nikaanza kupanda kuelekea Mwanga. Gari ilikuwa nzito kama inavuta tela. Gia niliyozoea kupandia ilikataa, nikashusha, na bado haikuamka mpaka nilipoipigisha resi. Kwenye tambarare ya kwenda Ujiji nako kukawa na mvumo mmoja mzito usiokatika, mpaka abiria wa nyuma wakaomba tufungue vioo. Nililipa mara mbili, kufunga na kufungua.

Sababu ni hii. Moshi hutoka kwa mapigo, silinda baada ya silinda, na pigo linalokwenda kwa kasi huacha nyuma yake mvuto unaosaidia kutoa moshi unaofuata. Bomba likiwa pana mno, moshi unapoa na kupunguza mwendo, ule mvuto unapotea, na nguvu ya chini inapotea nao. Mtakutana na wanaosema injini "inahitaji kubanwa". Haihitaji kubanwa, inahitaji kasi ya moshi. Kwa injini ya lita 2 isiyo na turbo (ile feni inayosukumia injini hewa zaidi), kaa kwenye inchi 2 hadi 2¼. Inchi 2½ ndiyo mwisho, tena kwa anayependa kuendesha resi ikiwa juu. Inchi 3 waachieni wenye turbo.

Angalizo: kipimo cha bomba ni cha nje, si cha ndani. Inchi 2¼ ni milimita 57, na 2½ ni kama 63. Pima kwa kalipa. Kama huna, zungusha uzi, upime urefu wake, ugawanye kwa 3.14. Usimwagize mtu wa Dar "bomba la kawaida la Altezza". Na zitazame kona. Kona iliyokunjwa vibaya hubonyea, na bomba zima linakuwa jembamba kama pale palipobonyea. Bomba la mtumba kutoka Japani lenye kona laini ni bora kuliko jipya lililokunjwa kwa nguvu.

Hatua ya 4: Chuma. Chuma cha kawaida ni rahisi na fundi yeyote anakichomelea, ila kinaoza. Stenlesi ya 304 inadumu, na kwa kawaida sumaku haiishiki. Lakini msitupe kila kinachoshika sumaku: ekzosi nyingi za kiwandani ni stenlesi ya 409, sumaku inaishika na bado inavumilia miaka mingi.

Hatua ya 5: Masega yabaki.

Hatua ya 6: Raba za kushikilia na gasketi ziwe mpya. Zote.

Hatua ya 7: Bomba jipya lisipite chini ya usawa wa bomba la zamani. Matuta yetu mnayajua.

Hatua ya 8: Kuchomelea. Toa waya hasi wa betri kwanza. Fundi ashikize kwa nukta tu, gari ishushwe isimame kwa matairi, uitikise, uone kama bomba linagusa bodi au difu, ndipo achomelee moja kwa moja. Gari ikiwa kwenye jeki matairi yananing'inia na nafasi zote zinakudanganya. Acha pia nafasi ya vidole viwili kati ya bomba na bampa, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka.

MASWALI YA WADAU

*Mdau wa Gungu:* Bei gani mkuu?

Bei ya nini? Hujasema injini, hujasema kipande. Rudi hatua ya 2.

*Mdau wa Kibirizi:* Kuna fundi kasema akitoa masega gari itakuwa nyepesi, na atanipa hela juu.

Anakupa hela kwa sababu ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Anayenunua anajua anachonunua. Wewe utabaki na taa ya cheki injini, harufu kali ndani ya gari, na mlio ambao hukuutaka. Kama gari ni nzito kwa sababu masega yameziba, kwanza tafuta kilichoyaziba: plagi au koili inayoruka, au injini inayokula oili. Usipotibu hicho, hata masega mapya yatakufa.

*Mdau wa Kasulu:* Mimi nimefunga inchi 3 na gari inaruka. Acha kutisha watu.

Injini gani?

*Mdau wa Kasulu:* 1JZ, turbo.

Soma tena hatua ya 3, sentensi ya mwisho kabla ya angalizo.

*Mdau wa Ujiji:* Kaka, samahani kwa swali dogo. Sailensa yangu haina mlio mbaya, ila asubuhi inadondosha maji kwenye kitobo kidogo sana chini. Fundi anataka kukichomelea. Na je, inaweza kuwa ndiyo inayonilia mafuta?

Dada, swali lako si dogo hata kidogo. Kama hicho kitobo ni cha mviringo safi na hakina kutu pembeni, kimewekwa na kiwanda ili maji yatoke. Mwambie fundi asikiguse. Akikiziba, maji yanabaki ndani na sailensa inaoza. Mafuta si hapo. Tundu linalokula mafuta ni lile lililo kabla ya sensa ya oksijeni, kule mbele. Hewa ya nje inaingia, sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza. Chunguza gasketi ya manifoldi. Ikitoa "tik tik" asubuhi na kunyamaza injini ikipata moto, ni hiyo. Ukipenda nitumie sauti, nitaisikiliza.

*Mdau wa Ujiji:* Asante sana kaka. Tik tik ipo.

Basi umeshaipata. Sailensa yako iache ilivyo.

*Mzee wa Bangwe:* Vijana, nati za manifoldi msizivunje. Paka oili ya kulainisha kutu usiku, asubuhi washa gari ipate uvuguvugu tu, kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze.

Shikamoo mzee. Hilo la kukaza kwanza limeniokoa mara nyingi, na hapo juu nimelisahau.

*Mdau wa Mwanga:* Bomba langu lilifika kwa basi limebonyea mdomo. Nifanyeje safari ijayo?

Mwambie muuzaji apigilie kipande cha mti wa duara kila mdomo, kisha afunge gunia. Na kabla hujatuma hela, akupigie picha bomba likiwa na futi kamba juu yake, namba zionekane.