Jinsi ya kuchota sampuli ya lava ingali moto

Thamani ya sampuli ya lava huamuliwa katika sekunde chache, tangu inapochotwa hadi inapozama majini. Lava ya basalti hutoka ardhini ikiwa na joto la takriban nyuzi 1,150 za Selsiasi. Ikipoa polepole, fuwele huota ndani yake na kubadili kemia ya majimaji yanayobaki. Ikipozwa ghafla, majimaji hayo huganda kuwa kioo, na kioo hicho ndicho kinachoieleza maabara joto la mlipuko. Katika lava ya Kilauea, Hawaii, tofauti ya asilimia 1 tu ya magnesi oksaidi kwenye kioo ni sawa na nyuzi 20 hivi.

Kabla ya kupanda volkano, uliza wanaosoma saismografu, mitambo inayorekodi mitetemo ya ardhi, lakini usichukulie utulivu kuwa ruhusa. Tarehe 14 Januari 1993, volkano ya Galeras ya Kolombia ililipuka ikaua wanasayansi 6 na watalii 3, ilhali ilionekana imetulia.

Vaa pamba, sufu au ngozi; nailoni huyeyuka na kugandia mwilini. Ongeza helmeti, ngao ya uso, glovu ndefu za kuzuia joto na kinyago cha gesi za asidi. Kinyago hicho huzuia salfa dioksaidi ila hakileti oksijeni, kwa hiyo epuka mabonde na mashimo ambamo kabonidioksaidi, iliyo nzito kuliko hewa, hutuama. Pua nayo si ya kuaminiwa: haidrojeni salfaidi hunuka kama mayai viza, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, na harufu hupotea hatari ikiwa kubwa zaidi. Beba kipima gesi chenye king'ora.

Nendeni wawili, upepo ukiwapiga mgongoni. Mmoja achote, mwingine asishike chochote, kazi yake ni kutazama upepo, kingo za mkondo na njia ya kurudi. Ganda jeusi mnalokanyaga huenda likawa paa jembamba la handaki la lava.

Tafuta ulimi mpya unaochomoza, unaong'aa rangi ya chungwa. Uliokwisha kuwa mwekundu wa kuiva umeanza kupoa. Weka karibu ndoo ya chuma yenye maji safi hadi nusu. Chomeka ncha ya nyundo ya kijiolojia, izungushe, kata donge dogo kuliko ngumi na ulitumbukize papo hapo. Wengi hukosea hapa kwa tamaa ya donge kubwa: nje hugeuka kioo huku kiini kikiendelea kuota fuwele, na maji huchemka yakatoa mvuke unaounguza mikono. Maji yakipata moto, yabadilishe kabla ya donge la pili.

Andika hapohapo saa, mahali ulipo kwa GPS na umbali kutoka tundu la lava. Kausha, ondoa vipande vilivyogusa chuma, kisha funga ndani ya mfuko wa sampuli.

Ol Doinyo Lengai, Tanzania, inataka utaratibu tofauti kabisa. Lava yake ya natrokabonatiti (yenye kabonati nyingi za sodiamu), yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, ina madini yanayoyeyuka majini, na unyevu wa hewa peke yake huigeuza kutoka nyeusi kuwa nyeupe. Usiitie majini kamwe: ipoze kwenye chuma kikavu, kisha ifungie haraka ndani ya chombo kisichopitisha hewa.