Mbele ya kubeba pompi ya dawa ku mugongo, angalia hivi vitu

Mvua ya mwezi wa 9 ikianza tu, kila mwenye kushamba kuanzia Kibumba paka Mushaki anaanza kutafuta pompi kwenye aliiacha, na mara nyingi aliiacha nyuma ya jiko na dawa ya saizoni iliyopita imekauka ndani. Anatia maji, anatia dawa, anabeba, anaenda. Hapana. Hata kama mildiu, ule ugonjwa unaoozesha majani, imeshaingia mu viazi ya jirani na una haraka, pompi inaangaliwa kwanza.

Kuisafisha sitarefusha. Maji kidogo na omo, tikisa, pampu paka itoke mbele ku lansi, ile fimbo ya kupulizia, mwaga, rudia na maji safi mara 3. Kutikisa ndani tu bila kupampu ni kujidanganya juu dawa inabaki mu tiyo. Na pompi iliyopiga 2,4-D, ile dawa ya kuua majani mabaya, mu mahindi isiguse tomati wala maharagi, ile kidogo inayobakia inatosha kukunja majani yote na hautavuna kitu. Mwenye uwezo anunue pompi mbili, ile ya dawa ya kuua majani mabaya aipige rangi nyekundu, mazungumuzo imekwisha.

Filtri pia usiitoe eti inachelewesha maji. Siye watu wa Goma hatuna hata kamuto kadogo, tunachota ku ziwa ama tunakinga ya mvua, na bidoni ikitulia unaona muchanga mweusi wa volkano chini. Huo muchanga ni mugumu sana, unakwaruza silinda ya pompi na unapanua kitundu cha kichwa, pale dawa inatokea ku lansi. Chuja maji na kitambaa mbele ya kuyamimina, hata yakionekana meupe. Dawa za unga kama mankozebu nazo usizimwage moja kwa moja ndani ya pompi, koroga kwanza mu ndoo na maji kidogo paka ilainike, njo uongeze, na ukiwa unapuliza tikisa tikisa juu unga unashuka chini.

Kichwa kikiziba, tumia brosi ya meno laini na maji. Si sindano, si nyaya, na usikipulize na mudomo! Najua mutasema wote wanafanya hivyo. Pia kipime: weka maji tupu, pampu kwa mwendo ule ule, puliza mu kipimo dakika 1. Kama kipya kilikuwa kinatoa mililita 800 na sasa kinatoa 880 ama zaidi, kimeshalika, nunua kingine. Kuna watu wanafurahi eti pompi yangu siku hizi inatoa muzuri, kumbe wanamwaga dawa waliyonunua na feza yao.

Sasa tufike ku mafuta, na hapa musikilize vizuri.

Mu pompi kuna sehemu mbili zinazohitaji mafuta na hazifanani. Kuna chuma, yaani pale mukono wa kupampia unapogeukia, na misumari yake. Hapo weka gresi yoyote, ya moto yaani pikipiki, ya gari, hakuna shida. Halafu kuna mipira: ule wa pistoni, ule wa kifuniko, na ile midogo ya duara iko mu lansi. Mipira haitaki mafuta ya chuma. Kuna aina zingine za mipira zinavumilia, lakini wewe hauwezi kuziangalia na macho ukajua ni aina gani, na pompi za bei ya chini zinazouzwa Birere, hapa Goma, hazina hata karatasi ndani.

Kuna muzee mmoja upande wa Kibumba alikuwa na pompi ya litre 16 anakodisha kwa siku, kazi nzuri tu, vijana wanakuja asubui wanairudisha mangaribi. Saizoni moja mukono ukaanza kulia na kuwa muzito. Akafungua, akachukua gresi ile wanaweka mu magurudumu ya moto, akapaka kila mahali, chuma na mipira pamoja, akafunga. Siku ya kwanza pompi ilikuwa nyepesi sana, kila mutu anamusifu. Kisha wiki kama mbili hivi mukono ukarudi kuwa muzito kupita mbele, na kijana aliyeikodisha siku ile alikuwa anapuliza kabichi, dawa ya wadudu ya ile kundi ya oganofosfore, jua limewaka, na juu ya joto alikuwa amevaa singileti tu. Mukono ukikataa anasukuma kwa nguvu. Mupira wa pistoni ukapasuka ndani na dawa ikaanza kutoka chini ya pompi, inamushukia mugongoni na kwenye kiuno, naye anafikiri ni jasho. Akamaliza mistari yote. Njo iko hivyo, mutu aliyelipa feza ya siku nzima hawezi kutua pompi saa 4 ya asubui.

Saa ya kurudi kichwa kinamuuma, mate inajaa mu kinywa, jasho halikomi hata kwenye kivuli, anatapika, anaona giza giza. Mama yake alitaka kumupa maziwa eti inakata sumu. Bahati dada yake alikuwa amewahi kusikia, akamuvua nguo zote, akamuogesha na maji mengi na sabuni, wakamubeba na moto paka ku santri ya afia, na dada akabeba ile chupa ya dawa. Hiyo chupa njo ilisaidia, infirmie alisoma jina akajua ni kundi gani, wakamuwekea atropini, dawa inayopinga sumu ya kundi hiyo. Alipona. Lakini mangaribi ile, bila ile chupa, wangeanza na malaria kama kawaida yetu.

Kisha tulifungua ile pompi. Mupira wa pistoni ulikuwa umevimba, mulaini, unashika ku vidole kama shikilete, na upande mumoja umechanika. Tukaulinganisha na mupya kutoka dukani wa namba ile ile, ule wa zamani haukuingia tena mu nafasi yake. Gresi njo iliuvimbisha, ikaufanya ubane silinda, na mukono ukawa muzito. Muzee alifikiri gresi imekwisha, alikuwa tayari kuongeza ingine!

Basi mupake nini? Ya kweli yenyewe ni gresi ya silikoni, mafundi wa maji wanaitumia, uliza ku makenkayeri. Ukikosa, chukua gliserine safi, ile ya mu farmasi ambayo akina mama wanapaka ku ngozi. Haiharibu mipira ya kawaida ya pompi. Ubaya wake inaondoka na maji, kwa hiyo unapaka tena kila mara unaposafisha, kidogo tu, tone mbili ku pistoni na alama ku kila mupira wa duara. Vazelini hapana, nayo inatoka mu petroli hata kama inanukia muzuri. Mazutu hapana. Mawese hapana kabisa, yanaganda na baridi ya Masisi na yanaleta uchafu. Kama pompi yako ni ya zamani yenye pistoni ya ngozi, hapo ni habari ingine, ngozi ikikauka inataka kulowekwa mu mafuta usiku kucha paka ilainike.

Na kila saizoni badilisha mipira hata kama inaonekana muzima. Katikati ya saizoni pia ibonyeze na kucha: ikibaki na alama, ama ikiwa na mipasuko midogo, itupe.

Kisha jaribu na maji tupu. Tia litre 4 ama 5, funga, pampu paka ikaze, iache imesimama dakika kumi juu ya kartoni kavu. Kartoni ikilowa, hauendi shambani. Halafu ibebe hivyo hivyo na maji, zunguka nayo kwenye lupango, inama kama unafunga kamba ya kiatu, na umwambie mutoto aangalie mugongo yako. Kifuniko kikivuja ukiinama, siku ya dawa itakumwagikia ku shingo. Kuna watu wanaona ni kupoteza wakati. Sawa.

Wenye mashini ya motere, ile ya kubeba, musiweke esanse tupu. Angalia kilichoandikwa juu ya tanki: ikiwa 1 kwa 25 ni mililita 40 za mafuta kwa litre moja, ikiwa 1 kwa 50 ni mililita 20. Mafuta ya motere 2 taim, si ile ya gari. Saizoni ikiisha mwaga esanse yote, iwashe paka izime yenyewe, safisha buji.

Mikanda nayo iangalie, litre 16 pamoja na pompi yenyewe ni karibu kilo 20 na mukanda ukikatika kwenye mawe yetu haya ya lava kifuniko kinapasuka. Ukimaliza kazi, maji ya kusafishia mwaga mule mule mu shamba ulilopuliza, si ku ziwa, si karibu na siterni. Itundike kichwa chini, wazi, mbali na jua juu jua linakausha plastiki, mbali na unga na mbali na watoto. Chupa tupu zitobowe, usimupe mutu aweke mafuta ya kula. Vaa koti ya mikono mirefu, buti, kofia, usivute sigara, usile muhindi na mikono ile, upepo ukikugeukia simama, na kama pompi imeanza kukushukia mugongoni, hata kama umebakiza mustari mumoja, tua.