Jinsi ya Kuchunguza Makosa ya Kriptografia katika Mashine Pepe

Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kule Mbozi, au ofisi ya biashara mjini Mafinga, huweza kuendesha mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta zinazoundwa kwa programu, juu ya kompyuta moja ya kawaida. Iwapo VT-x au AMD-V (uwezo wa prosesa za Intel na AMD wa kuendesha mashine pepe moja kwa moja) haijawashwa katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, huweza kulazimika kuiga kwa programu kila agizo la prosesa, na kasoro katika kuiga agizo moja tu la AES (njia ya kusimba data, yaani kuificha kwa ufunguo), au la kujumlisha namba kubwa, hutosha kuharibu sahihi za kidijitali na data iliyosimbwa, huku kazi nyingine zote zikienda sawa.

Ndani ya mashine pepe andika systemd-detect-virt; jibu likiwa qemu badala ya kvm (sehemu ya Linux inayotumia VT-x au AMD-V), prosesa inaigwa. Kisha endesha printf abc | openssl dgst -sha256, inayotumia programu ya kriptografia ya OpenSSL kukokotoa alama ya SHA-256 ya herufi abc, na ambayo jibu lake sahihi huanza na ba7816bf na kuishia na f20015ad. Usitumie echo, kwa kuwa huongeza alama ya mstari mpya na kubadili jibu.

Jaribio hilo likifaulu, usiridhike. Simba faili kubwa ndani ya mashine pepe, kisha ulisimbue (ulifungue) kwenye kompyuta mwenyeji, yaani ile inayobeba mashine pepe, kwa sababu ukifanya yote mawili mahali pamoja kosa linaweza kujificha, pande zote zikikosea kwa namna ileile. Rudia ukitanguliza mbele ya amri ya openssl OPENSSL_ia32cap="~0x200000200000000", inayoizuia OpenSSL kutumia AES-NI na PCLMULQDQ, maagizo maalumu ya prosesa ya kuharakisha usimbaji; kosa likitoweka, uchunguze uigaji wa maagizo hayo. Kosa linalobadilikabadilika kila unaporudia, kwa kawaida, ni la kutafutwa kwenye RAM.

Hapa nasisitiza kwa dhati: usirekebishe chochote kabla ya kusimbua nakala zako za akiba ndani ya mashine ileile yenye kasoro, kwani data iliyosimbwa kwa hesabu potofu huenda isifunguke tena kwenye prosesa iliyo sahihi. Ukishazihifadhi, washa VT-x au AMD-V, hakikisha /dev/kvm ipo kwenye kompyuta mwenyeji, na usasishe QEMU.

Funguo nazo zibadilishwe. Mwaka 1997 Boneh, DeMillo na Lipton walionesha kwamba sahihi moja tu ya RSA (njia ya kutia sahihi za kidijitali) iliyokosewa, ikikokotolewa kwa njia ya CRT, mbinu ya kihesabu ya kuharakisha RSA, inaweza kufichua ufunguo wa siri; kwa hiyo batilisha vyeti vya funguo zote zilizotia sahihi ndani ya mashine hiyo.