Kabla ya kwenda kufanya kambi ya watoto nchi nyingine

Msianze na mabegi. Anzeni na kanisa linalowapokea, kwa sababu kambi ni yao. Ninyi mnakwenda kuwashika mkono. Kabla ya kuchangisha nauli, zungumzeni na mchungaji na walimu wa shule ya Jumapili wa huko: watoto ni wangapi, wa umri gani, na nani atawalea mkishaondoka. Swali hilo la mwisho likikosa jibu, ahirisheni safari.

Makaratasi huchukua muda. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha. Si kila nchi viza ya utalii huruhusu kufundisha dini au kujitolea, kwa hiyo ulizeni ubalozi, na mwandike ukweli kwenye fomu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Dawa za kukinga malaria nazo hutofautiana: nyingine huanzwa siku moja kabla, nyingine wiki mbili au zaidi.

Penye kazi hasa ni ulinzi wa watoto. Kila anayesafiri alete cheti cha polisi cha tabia njema, hata mzee wa kanisa mliyemjua miaka 20. Mkimruka yeye kwa heshima, kanuni imekufa. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto: si chooni, si garini, si kwenye maombezi. Anayeombewa aombewe na wawili, mahali panapoonekana. Fomu ya mzazi itaje mzio, dawa, namba ya simu na jina la atakayemchukua mtoto jioni. Akija mjomba asiyeandikwa, mtoto anasubiri, hata mjomba akinuna. Mtoto akikunong'oneza kwamba anapigwa nyumbani, usimwahidi kutunza siri. Mkubaliane mapema nani ataambiwa, na sheria ya nchi ile inataka nini. Picha za nyuso bila idhini ya wazazi zibaki bila kupigwa. Najua wafadhili watazitaka; watumieni picha ya viatu vilivyopangwa mlangoni.

Somo la dakika 20 likipitia kwa mkalimani, maneno yako ni ya dakika 10 tu. Punguza, kisha fanyeni mazoezi naye siku moja kabla, maana vichekesho vya maneno humfia mdomoni.

Na mwito wa kumpokea Yesu? Ukiuliza huku umeshika mfuko wa peremende, mikono yote itapanda, hata ya yule anayechungulia dirishani. Mikono hiyo msiihesabu kwenye ripoti. Peremende, mipira na Biblia wakabidhini walimu wenyeji wagawe wenyewe, ikiwezekana mkiwa mmeshaondoka.