CD uliyobani haisomi kwenye redio? Usikimbilie kubadili lenzi

Jamani juzi niko home Moshi, bi mkubwa ananiletea CD ya kwaya aliyobaniwa mjini, kwenye kompyuta inaimba freshi tu ila ukiiweka kwenye redio ya sebuleni inazunguka weee, inalia zii zii, mwisho inaandika NO DISC. Fundi mmoja Mbuyuni keshamwambia lenzi, lile jicho la redio linalosoma CD, imekufa, alete hela. Lenzi haina shida hata kidogo.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, weka CD orijino. Na orijino simaanishi yenye kava zuri, igeuze chini: ya kiwandani inang'aa silva, ukiona kama kijani au bluu kwa mbali hiyo nayo imebaniwa. Ikipiga, redio nzima. Isipopiga ndo uwaze lenzi, na huku kwetu na vumbi la kiangazi mara nyingi ni uchafu tu, chomoa waya ukutani, chukua pamba ya masikio na spiriti kiduchu, futa taratibu bila kukandamiza, acha ikauke.

Haya, orijino imepiga. Sasa ingiza ile mbovu kwenye kompyuta uone kilichomo ndani. Mimi nikakuta nyimbo 140, nikacheka, maana CD ya audio inabeba dakika 80 basi, hizo 140 zimekaaje? Ni MP3, yaani mafaili ya muziki yaliyominywa yakawa madogo. Redio ya zamani ambayo haijaandikwa MP3 pale mbele haijui mambo ya mafaili, inataka CD ya audio, kwa hiyo kuburuta nyimbo ukazidondosha kwenye CD haisaidii, fungua Windows Media Player, nenda Burn, chagua Audio CD. Na Windows ikikuuliza kama unataka CD itumike kama flashi, kataa, hiyo ndo redio haitaiona kabisa.

Kama ni audio na bado inagoma, cheki ni CD gani. Nunua CD-R, ile ya kubani mara moja tu, achana na RW, ile ya kufuta na kubani tena, maana RW inarudisha mwanga kidogo sana, kama asilimia 15 mpaka 25 wakati ya kiwandani inafika 70, lenzi ya kizamani inapapasa tu. DVD tupu ndo usiweke kabisa, redio ya CD haiisomi hata uombe. Halafu punguza spidi ya kubani, weka 8x au 16x, usiende 52x kisa una haraka, na hakikisha imefungwa, yaani finalize, ikiachwa wazi redio inazunguka mpaka inachoka.

Stika za karatasi juu ya CD toa akilini, zinaifanya iyumbe. Na upande wa kuogopa kukwaruza ni huohuo wa juu, muziki uko chini ya rangi pale, ukibanduka umekwisha.

Ya bi mkubwa nimeibani upya, CD-R, 16x, nyimbo 18. Imepiga mara ya kwanza, ananiangalia: "Mbona zimepungua?"