Somo: Kuchora nguzo za flyover ili mchoro udumu

Wakuu, nguzo za zege chini ya flyover kama ya Mfugale pale Tazara au Kijazi pale Ubungo, jijini Dar es Salaam, hupitwa na maelfu ya watu kila siku, na kinachoonekana ni rangi ya vumbi tu. Zinaweza kubeba michoro kwa miaka mingi. Huko San Diego, Marekani, nguzo za daraja la Coronado zilianza kuchorwa mwaka 1973, na hadi leo watu hufika Chicano Park kuitazama michoro hiyo. Mchoro unaobanduka baada ya masika moja mara nyingi umeponzwa na zege lililo chini ya rangi, ndiyo maana maandalizi hapa ni marefu kuliko uchoraji.

1. Kibali

Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara. Barua iambatane na mchoro wenye vipimo, namba za nguzo, aina ya rangi na mpango wa kuongoza magari. Mhandisi atataka kujua ataonaje nyufa mkishapaka. Mwambieni mtatumia rangi ya maji ya akriliki kwa tabaka jembamba: zege likipasuka, rangi nayo hupasuka na ufa unaonekana. Hamtapiga plasta, hamtabandika vigae wala kutoboa tundu hata moja. Maungio, beringi zinazobeba daraja, namba za nguzo, alama za urefu wa magari na mistari inayoakisi taa visiguswe.

2. Ukaguzi

Nendeni mvua ikinyesha. Nguzo inayotiririkiwa na maji kutoka kwenye maungio ya juu isichorwe mpaka mifereji itengenezwe. Hakuna rangi itakayoshinda maji yale.

Siku kavu fanyeni majaribio haya:
- Nyunyizeni maji. Yakijikusanya matone bila kunyonywa, mafuta yaliyopakwa kwenye mbao za kumwagia zege ili zisigande bado yapo.
- Bandikeni nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, sentimita 45 kwa 45, mzibe kingo zote kwa tepu, mwache saa 16 au zaidi. Ukungu ndani ya nailoni, au zege kuwa jeusi, maana yake bado kuna unyevu.
- Pitisheni kiganja. Kikitoka na unga, rangi itashika unga huo, haitashika zege.

Chumvi nyeupe isuguliwe kwa brashi ya waya ikiwa kavu, kisha ifagiliwe. Ukianza na maji unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Zege jipya lipewe angalau siku 28.

3. Kuosha

Mafuta na masizi ya magari yatolewe kwa sabuni kali na maji ya moto. Kisha tumieni mashine ya presha, bar 150 hadi 200, ncha ya bapa ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye nguzo. Mkisogea karibu zaidi mtachimba zege. Subirini siku mbili za jua, halafu mrudie jaribio la nailoni. Mkikuta nondo imejitokeza au ina kutu, simameni hapo mmwite mhandisi. Msifunike.

4. Vipimo

Chukueni nguzo ya mviringo yenye kipenyo cha mita 2 na urefu wa mita 6: 3.14 × 2 × 6 ni kama mita za mraba 38. Zege lenye vinyweleo hunywa sana, kwa hiyo msitumie makadirio ya ukuta laini yaliyoandikwa kwenye ndoo.
- Praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya akriliki inayostahimili chokaa, mkono mmoja, yaani tabaka moja: lita 5.5
- Rangi ya msingi, mikono miwili: lita 9.5
- Rangi za mchoro, zote pamoja: lita 6 hadi 8
- Vanishi ya maji isiyong'aa, mikono miwili: lita 8

Ndoo zote za rangi ya msingi zichanganywe kwenye pipa moja, kwa sababu ndoo mbili za namba ileile zinaweza kutofautiana.

5. Kuchora

Mzunguko wa nguzo hiyo ni mita 6.28, lakini mtu akisimama mahali pamoja haoni hata nusu yake. Sura ya mtu au neno liishie ndani ya mita 2, la sivyo hakuna atakayeliona zima. Gari la kilomita 50 kwa saa linakula mita 14 kila sekunde, hivyo upande wa barabara uwe na maumbo makubwa machache. Vitu vidogovidogo vipelekeni upande wa wapita kwa miguu.

Fuateni kivuli: upande wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri. Zege likiwa la moto, maji hukauka kabla chembe za rangi hazijaungana, na rangi hubaki unga. Kwa Dar, Juni hadi Septemba ndiyo miezi salama.

Anayefanya kazi juu ya mita 2 avae mkanda wa usalama, na vizibao vya kuakisi ni vya kila mtu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwa nini tusitumie rangi ya mafuta? Inang'aa na uchafu wake hufutika kirahisi.*
Chokaa iliyo kwenye zege hugeuza mafuta kuwa sabuni. Rangi inakuwa ya kunata, kisha inatoka vipande vizima. Pia mng'ao hurudisha taa za magari machoni mwa madereva usiku.

*Tumepata projekta. Inafaa?*
Kwa ukuta bapa, ndiyo. Kwenye nguzo ya mviringo picha inavutika pembeni. Choreni alama za ovyo nguzo nzima kwa chaki, pigeni picha, kisha laza mchoro juu ya picha hiyo kwenye simu; alama zitawaonyesha kila mstari unapopita.

*Dada yangu alichora ukuta wa shule, nyekundu imepauka lakini kahawia bado ipo. Tatizo ni nini?*
Nyekundu nyingi kali za bei nafuu huvunjwa na jua. Oksidi za chuma (nyekundu ya udongo, njano ya udongo, nyeusi) hazipauki, na bluu na kijani za ftalo (aina ya rangi ya kiwandani, kwenye kopo huandikwa "phthalo") ni imara. Panga maeneo makubwa kwa hizo. Nyekundu kali iwe mahali padogo panapofikika kurudiwa.

*Na wanaobandika matangazo?*
Mita 2 za chini zijazeni nakshi badala ya kuacha rangi tupu, maana kiraka hakionekani kwenye nakshi. Juu ya vanishi pakeni nta ya kinga, ambayo hutoka na gundi kwa maji ya moto kisha inapakwa upya. Hifadhini kopo la kila rangi, lenye namba yake.